Sura ya Tano: Nani Ananunua Chaki?

Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020 tuliitwa shuleni kwa mkutano wa dakika ishirini, tukaambiwa tufunge makabati twende nyumbani. Jana yake Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza kwamba shule zote nchini zifungwe: za kutwa Jumatatu hiyo, za bweni kufikia Jumatano, vyuo vikuu kufikia Ijumaa. Mgonjwa wa kwanza wa korona alikuwa ametangazwa siku tatu tu nyuma. Tulidhani ni mambo ya wiki mbili, zikizidi tatu. Nikaacha mezani kikombe changu, kitambaa cha kufutia mikono na boksi la chaki nililolifungua Ijumaa.

Niliporudi ilikuwa Oktoba. Kitambaa kilikuwa kimeota ukungu, na zile chaki, kwa joto na unyevu wa Mombasa, zilikuwa zikimong'onyoka vidoleni kama biskuti iliyochovywa chai. Katika miezi ile saba nilifundisha karibu kila wiki, na sikuwa nimetumia hata kijiti kimoja.

Nimelitaja boksi hilo kwa sababu lina maana kuliko linavyoonekana. Kwa miaka kumi na moja ya ualimu sikuwahi kununua chaki. Chaki ilitoka stoo. Ubao ulikuwa wa shule, dawati la shule, paa la shule, hata kengele iliyoniambia sasa anza na sasa nyamaza ilikuwa ya shule. Nilichopeleka mimi kazini ni kichwa, koo na miguu. Masomo yalipohamia mtandaoni, watu waliandika sana juu ya teknolojia na mustakabali wa elimu. Sikuona aliyeuliza swali la karani wa stoo: sasa chaki inanunuliwa na nani?

Agizo lenyewe lilikuja kwa ujumbe wa WhatsApp: masomo ya Kidato cha Tatu na cha Nne yaendelee mtandaoni kuanzia Jumatatu, ratiba ileile. Shule yetu ni ya kibinafsi, ya kutwa, wala si ya matajiri. Wazazi ni wenye maduka madogo, makarani wa bandarini, akina mama wa hoteli za ufuoni. Katika kundi la walimu majibu yalikuwa "Sawa", "Sawa", "Tuko pamoja". Hata mimi niliandika sawa. Hakuna aliyeuliza kwa simu ya nani, kwa bando la nani, ndani ya chumba cha nani.

Chumba kilikuwa changu, huku Kisauni, vyumba viwili na sebule tunamoishi na wanangu wawili na mama yangu mzazi. Simu yangu ilikuwa na ufa kwenye kioo, na haikuwa na pa kusimama. Nilijaribu glasi, ikateleza. Nilijaribu kuiegemeza kwenye chupa ya chai, ikapata moto. Mwishowe nikachukua mbuzi ya kukunia nazi, nikaipandisha juu ya meza, nikaifunga simu kwenye ulimi wake kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ikatulia kama iliyoumbwa kwa kazi hiyo. Nyuma yangu nilikuwa nimepaka mlango wa kabati la nguo rangi nyeusi ya ubao. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa darasa langu la kidijitali, lenye mbuzi, kabati na simu yenye ufa.

Mama alivumilia siku mbili. Ya tatu akasimama mlangoni na nazi mkononi.

"Mwanangu, sasa mimi nazi nitaikunia wapi?"

"Mama, ngoja kidogo, namaliza saa nne na nusu."

"Na wali utaiva saa ngapi?"

Darasa zima lilisikia. Niliona kwenye kioo wale wachache waliowasha kamera wamejiziba midomo. Heshima ya mwalimu, kumbe, ilikuwa ikilindwa na mlango wa chumba cha walimu. Ukishaingia pale mwanafunzi hajui unakula nini, unagombana na nani, mtoto wako anakohoa au analia. Ndani ya mwezi mmoja wanafunzi wangu walikuwa wanalijua jina la mwanangu mdogo, wanajua muuza samaki anapita kwetu saa ngapi, na wanajua kwamba mama yangu hanionei haya. Sikulipenda jambo hilo. Baadaye nilikuja kulizoea, na kuna siku nilihisi kwamba wao pia walinizoea mimi kwa namna ambayo ukumbi wa shule haukuturuhusu.

Chombo tulichoambiwa tutumie ni Zoom. Kiliundwa kwa ajili ya mikutano ya watu wa ofisi, na Desemba 2019 kilikuwa kikipokea washiriki milioni 10 kwa siku. Kufikia Aprili 2020 walikuwa milioni 300. Asiyelipia alipewa dakika 40 kwa mkutano wa kundi, kisha kinakatika. Sasa kipindi cha shule ya sekondari Kenya ni dakika 40 kamili. Nilipolisoma hilo nilicheka, nikasema angalau hawa Wamarekani wameijua ratiba yetu. Kicheko kiliisha siku ya kwanza. Darasani dakika 40 ni 40, maana wanafunzi huwa wamekaa wakikungoja. Mtandaoni kumi na tano za mwanzo ziliishia kwenye "Mwalimu, nisikie?", "Mwalimu, wakatikakatika", "Mwalimu, nimetolewa nje, niingize tena". Tano za mwisho nilizitumia kuwaambia kazi ya ziada kabla mlango haujafungwa usoni mwetu. Zilizobaki ishirini ndizo zilizokuwa somo, tena kama stima haijapotea.

Mwaka ule tulikuwa tunasoma tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, iliyokuwa ikitahiniwa. Tamthilia haifundishwi kwa kuelezwa. Inasomwa kwa sauti, watoto wakigawana wahusika, mmoja akijifanya Majoka mtawala na mwingine Tunu anayemkabili. Darasani kipindi hicho ndicho nilichokipenda kuliko vyote, kwa kuwa hata mvivu huamka akipewa cheo. Mtandaoni Majoka alikuwa yuko Mtwapa na Tunu yuko Likoni. Majoka akitoa amri, sauti inafika baada ya sekunde mbili, na Tunu ameshaanza kujibu lile la kabla. Mara Majoka akapotea kabisa, bando limekwisha, na Tunu akaendelea kubishana na hewa kwa dakika nzima kabla hatujamwambia. Mtawala aliporudi aliomba radhi: "Mwalimu, nilikuwa naomba mia kwa baba." Tulicheka, naye akacheka. Ila nilipozima simu nilikaa nikiutazama ule mlango wa kabati, nikijua kwamba onyesho lile tungelimaliza kwa kipindi kimoja, na limenila vipindi vinne.

Lililoniumiza zaidi ni nyuso. Mwalimu wa Kenya akiuliza "Mmeelewa?" darasa zima huitikia "Ndiyo!" na hakuna mwalimu anayeliamini jibu hilo. Jibu unalitafuta machoni. Kuna yule anayeandika haraka mno ili usimwulize, na yule anayetazama dirishani kwa sababu amepotea njia dakika kumi zilizopita. Kuna pia msichana wa nyuma anayekunja paji la uso kidogo tu, na ukimwona hivyo unajua wenzake kumi hawakuelewa pia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kusema ni sehemu ndogo. Mtandaoni kamera zilizimwa, na nisingewalaumu. Video ya saa moja humeza megabaiti mamia, na wengine hawakutaka wenzao waone wanaishi vipi. Nilibaki natazama miraba myeusi yenye majina. Nikiuliza mmeelewa, zinapita sekunde kumi za kimya, kisha maandishi yanaanza kushuka: ndio mwalimu, ndio mwalimu, ndio.

Kati ya wanafunzi 43 wa Kidato cha Nne, siku ya kwanza waliingia 11. Tulifika 19 siku iliyofana kuliko zote. Nikaanza kuwatafuta wengine mmoja mmoja, na hapo ndipo kazi yangu ilipobadilika sura mara ya pili. Wengi hawakuwa na simu; waliyokuwa nayo ni simu ya mama. Na simu ya mama huondoka na mama alfajiri, inarudi naye jioni. Tena tulikuwa na kafyu, tangu tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa hivyo kila mtu alikuwa ndani mapema. Nikafungua darasa la pili, la usiku, kwa simu ya pamoja ya WhatsApp, sauti tupu, maana hiyo bei yake ni nafuu. Simu hizo zilikuwa zikichukua watu wanne tu. Mwezi Aprili wakaongezwa wakawa wanane. Wanane ukinitoa mimi ni saba. Waliokuwa wakingoja simu za mama zao walikuwa 20, basi somo moja la ngeli nililifundisha mara tatu usiku mmoja. Ramadhani ilipoingia, misikiti imefungwa na tarawehe tunaiswali nyumbani, darasa likasogea hadi saa nne. Kuna usiku niliwafundisha viambishi huku nimeshika tende mkononi.

Ratiba ileile, walisema. Asubuhi Zoom, mchana kusahihisha, usiku WhatsApp, na katikati mzazi anapiga simu kuuliza mbona mwanawe hakupata alama. Shuleni kengele ya saa kumi ilikuwa ikitufukuza sote, mwalimu na mwanafunzi. Simu haina kengele ya kufukuza mtu.

Nako kusahihisha, basi! Insha ziliniingilia kwa picha. Picha zenye kivuli cha kichwa, picha zilizopigwa chini ya taa ya koroboi, ukurasa wa pili ukitangulia wa kwanza, na nyingine zimelala ubavu ikabidi nami nilaze shingo. Nilisahihisha kwa kidole, nikichora mistari myekundu juu ya kioo chenye ufa. Insha 40 za mkono darasani zilinichukua jioni mbili. Zile za picha zilinichukua wiki, na miwani ninayoivaa leo niliinunua mwezi Juni mwaka ule. Halafu ukafika wakati nikagundua insha saba zinafanana neno kwa neno, hadi kosa la "dhamani" badala ya "thamani". Mmoja ameandika, sita wamepokea. Nilikasirika, kisha nikawaza: hawa wameunda kundi lao la kusoma bila kuambiwa, ila wamelitumia vibaya.

Kwa haki, yalikuwepo ya kushukuru. Kijana mmoja mwenye kigugumizi, ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kusoma kwa sauti darasani, alianza kunitumia majibu kwa sauti iliyorekodiwa. Alikiri kwamba alirekodi mara sita saba hadi itoke sawa. Nilisikia kwa mara ya kwanza jinsi anavyolisoma shairi, na sikuwa nimejua. Na maelezo yangu niliyorekodi ya ngeli yalizunguka hadi shule nyingine; mwalimu mmoja wa Malindi alinipigia kunishukuru, nami simjui hadi leo.

Elimu ya mbali yenyewe haikuwa ngeni kwetu. Taasisi ya kukuza mitaala, KICD, iliendelea kurusha vipindi kwenye redio ya KBC, kwenye chaneli yake ya televisheni ya Edu na kwenye YouTube, na nyumba isiyo na bando ilipata somo kwa betri mbili za redio. Na kabla ya yote hayo Watanzania walikwishafanya kubwa zaidi: mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walisoma habari za afya kwa redio. Ninachokipenda katika kampeni ile ni mpango wake. Watu hawakuachwa kila mmoja na redio yake. Walikutana vikundi vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyefunzwa na kitabu mkononi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Sauti ilitoka mbali, lakini aliyeweza kuona paji la uso limekunjwa alikuwa amekaa palepale. Sisi mwaka 2020 tuliipeleka sauti tukasahau kikundi, kwa kuwa ugonjwa ulikataza watu kukusanyika, ndiyo, lakini pia kwa kuwa tuliamini mwalimu ataziba pengo hilo mwenyewe usiku.

Turudi kwa karani wa stoo. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 28,000. Mwezi Aprili tulilipwa nusu, 14,000, kwa kuwa wazazi hawakuwa wakilipa karo na shule haina mfuko mwingine. Bando la kufundishia lilinila kama shilingi 100 kwa siku, siku ishirini kwa mwezi, yaani 2,000. Hiyo ni sehemu moja ya saba ya nilicholipwa, na bado sijahesabu tokeni za stima wala rangi ya ule mlango wa kabati. Mwezi Juni hatukulipwa kitu, na ratiba haikupunguzwa. Nikawa naajiriwa bure na kulipia kazi.

Wenzetu walioajiriwa na serikali kupitia Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, waliendelea kupata mishahara yao, na siwaonei wivu, ilikuwa haki yao. Lakini walimu wengi wa shule za kibinafsi Kenya nzima waliachwa mikono mitupu. Magazeti yalikuwa na picha za madarasa yaliyogeuzwa mabanda ya kuku. Katika shule yetu mwalimu wa Fizikia aliendesha tuktuk, wa Biashara akauza viazi karai pale nje kwake, na nakumbuka alivyoniambia kwamba hatimaye anafanya kile alichokuwa akikifundisha. Mimi mama yangu alinifundisha kuuza mahamri. Asubuhi nikimaliza kukaanga ndipo mbuzi inapandishwa mezani.

Tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu, George Magoha, alitangaza kwamba shule hazitafunguliwa hadi Januari 2021 na mitihani ya mwaka haitakuwepo. Mwaka wa masomo umefutwa. Siku iliyofuata niliwasha simu kama kawaida. Waliingia sita. Siwezi kuwalaumu wale 37. Mtihani ndio uliokuwa ukiwapa sababu ya kuomba mia kwa baba.

Julai hiyohiyo kampuni ya Loon, pamoja na Telkom Kenya, ilianza kuuza intaneti kutoka kwenye maputo yaliyoelea kilomita 20 angani. Maputo 35 yalihudumia eneo la kilomita za mraba karibu 50,000, magharibi na katikati ya nchi: Eldoret, Nakuru, Kisumu, Narok. Pwani hayakufika. Ulimwengu ulistaajabu, na ni kweli ilikuwa kazi ya kustaajabisha. Januari 2021 wenye kampuni wakatangaza wanaifunga, haina faida. Wanafunzi wangu hawakukosa maputo, walikosa mia. Minara ilikuwepo, inaonekana hata ukisimama uani kwetu. Tungeliulizwa sisi, tungelisema hivyo bila utafiti wowote.

Shemeji yangu anafundisha Tanga, kilomita zisizofika mia mbili kutoka hapa. Kwao shule zilifunguliwa tarehe 29 Juni, naye akawa ananitumia picha za ubao wake kwa utani. Uganda shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Bahari ileile, Kiswahili kilekile, kila mwalimu na bahati ya mpaka wake.

Lile tangazo la Januari lilikuja kubadilishwa, nasi tukarudi tarehe 12 Oktoba, kwa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne tu. Walirudi 38 kati ya 43. Wawili walikuwa wameolewa, mmoja alikuwa anafanya kazi ya boda na hakutaka kuiacha, wawili sikuwapata. Mtihani wao waliufanya Machi na Aprili mwaka uliofuata. Yule kijana wa kigugumizi alipita vizuri.

Watu hudhani kwamba shule zilipofunguliwa mambo yalirudi yalivyokuwa. Madarasa yalirudi, lakini lile kundi la WhatsApp halikufungwa. Mvua kubwa ikinyesha na barabara kujaa maji, tunaambiwa fundisheni mtandaoni. Mwalimu akiugua, anaulizwa kama anaweza kutuma sauti akiwa kitandani. Mkutano wa wazazi unafanywa saa mbili usiku. Na mwaka juzi nilipoomba kazi katika shule nyingine, swali la tatu la mahojiano lilikuwa: je, una kompyuta na intaneti ya kuaminika nyumbani? Nikajibu ninayo. Nikauliza kama shule inachangia. Walitazamana, mmoja akaandika kitu, nami sikuipata kazi hiyo.

Kwa mwalimu kijana anayesoma sura hii nina neno moja. Kabla hujatia sahihi mkataba, tafuta ndani yake maneno haya matatu: simu, bando, saa. Kama hayamo, omba yaandikwe, hata kama ni kwa kalamu pembeni. Usiogope kuonekana mtu wa vishilingi.

Muhula huu shule yangu imenipa maboksi mawili ya chaki, moja nyeupe na moja ya rangi, na nimeweka sahihi kwenye daftari la stoo. Bando nimejinunulia.